Keki, Rula na Kamba: Nilivyofundisha Mipaka ya Uganda

Keki niliinunua Wandegeya kwa pesa ambazo zilikuwa nauli yangu ya wiki nzima. Nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha, masomo yangu mawili yakiwa Kiswahili na Historia, na shule niliyopangiwa hapa Kampala ilinipa darasa la wanafunzi 71 na mada ya kugawanywa kwa Afrika Mashariki. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unataka mwanafunzi atende, asikae tu kunakili ya ubaoni. Basi nikafanya kama walimu wengi wanavyofanya kwa mada hii. Keki ikawa Afrika, wanafunzi saba wakawa mataifa ya Ulaya, na mmoja wao akawa Bismarck mwenye kisu mkononi. Wengine 64 wakawa Waafrika, maana yake walikaa wakatazama.

Kelele zilisikika hadi chumba cha walimu. Mhadhiri aliyekuja kunikagua siku hiyo aliandika kwamba somo lilichangamka, akanipa alama ya juu kuliko zote nilizopata katika mazoezi hayo. Kengele ilipolia, mvulana mmoja wa viti vya nyuma, miongoni mwa wale waliokosa keki, alinifuata mlangoni.

"Mwalimu, Uganda ilikuwa kipande kipi?"

Nikamwambia tutaliona kipindi kijacho. Ukweli ni kwamba sikuwa na la kumjibu, na nilipokwenda maktaba jioni ile nikakuta kwamba swali lake lilikuwa limeibomoa keki yangu yote.

Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884 ukamalizika tarehe 26 Februari 1885. Uliweka kanuni za biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya taifa la Ulaya kutangaza kwamba limeshika sehemu fulani ya pwani. Mpaka wa Uganda hata mmoja haukuchorwa pale. Mutesa wa Kwanza alikuwa amefariki Oktoba 1884 na mwanawe Mwanga ndiyo kwanza ameketi kitini Buganda. Kabalega alikuwa akitawala Bunyoro. Falme hizo mbili zilikuwa na mpaka wao, na ziliugombania bila kumsubiri Bismarck. Mipaka ya Uganda tunayoijua leo ilikuja kidogo kidogo: 1890, 1894, 1902, 1910, 1914, 1926. Ni kazi ya miaka 36, na kila mwaka una sababu yake, makosa yake na watu wake.

Ubaya wa keki ni huo, na si huo tu. Katika keki Mwafrika ni unga na sukari. Hamna nafasi ya Semei Kakungulu, ambaye tangu 1899 alikwenda mashariki na wafuasi wake wa Kiganda, akajenga ngome Bukedi na Teso, akatawala kwa namna yake kabla maofisa wa Kiingereza hawajamnyang'anya madaraka. Wanafunzi wangu wawili wenye asili ya Mbale walimjua Kakungulu kwa masimulizi ya bibi zao kuliko nilivyomjua mimi kwa vitabu. Nilipowauliza mbona hawakusema siku ya keki, mmoja akajibu kwamba siku ile hapakuwa na mahali pa kusema. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeandaa tendo ambalo lina jibu moja tu, nalo ni kukata.

Hapa naomba nichepuke kidogo, kwa kuwa wengi tunaosoma mkusanyo huu ni watu wa lugha. Katika Luganda mpaka ni *ensalo*, na neno hilo limetokana na *okusala*, yaani kukata. Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili. Mpaka ni mstari unaotenga nchi na nchi, na mpaka ni kufika: nitakwenda mpaka Busia, nitakusubiri mpaka jioni. Niliandika sentensi hizo ubaoni katika kipindi cha Kiswahili, nikawauliza wanafunzi wachague neno gani linafaa zaidi kwa habari za nchi yetu. Walibishana kwa dakika 20. Waliotoka karibu na mipaka, wachache tu, walitetea Kiswahili. Wengi wa Kampala walitetea kukata. Sikujua siku hiyo kwamba mabishano hayo ndiyo yangetawala vipindi vyangu vilivyobaki.

Kipindi cha pili cha Historia nilikuja na rula. Shule ilikuwa na atlasi 18, wanafunzi wanne kwa kila moja. Niliwapa kazi mbili bila maelezo. Ya kwanza: chora kwa penseli, bila kukandamiza, mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini, kutoka Ziwa Victoria kwenda magharibi. Ya pili: chora longitudo ya digrii 30 mashariki, kutoka kaskazini kuja kusini. Kisha andika majina ya miji ya Uganda iliyobaki nje ya mistari hiyo.

Mstari wa kwanza ni wa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo letu wakiwa Ulaya. Wa pili umo katika makubaliano ya 1894 kati ya Uingereza na Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji aliyemiliki Kongo kama shamba lake. Waliokubaliana hawakuwa wamepaona wanapopagawa. Walishika namba, kwa sababu namba haihitaji safari.

Dakika chache tu, msichana mmoja aliyekuwa mbele akainua kichwa. Nyumbani kwao ni Kisoro.

"Mwalimu, sisi hatumo."

Nikaenda kuangalia. Alikuwa amechora sawasawa. Kisoro iko kusini ya digrii 1 na iko magharibi ya digrii 30. Mistari yote miwili inaitupa nje. Kabale nayo iko kusini ya mstari wa kwanza, na ule wa pili unapita karibu kabisa na mji wenyewe. Safu ya Rwenzori, yenye vilele vilivyomo katika kila kitabu cha jiografia ya Uganda, inabaki upande wa Kongo. Darasa likaanza kumtania msichana yule kwamba ni Mjerumani. Naye, kwa hasira kidogo, akauliza swali ambalo sikulazimika kulitunga: basi aliyewaingiza Uganda ni nani?

Kwa swali hilo tuliishi kipindi kizima na kingine. Mkataba wa 1890 ulikuwa na kifungu cha ajabu. Waingereza walitaka mlima uitwao Mufumbiro, ambao walijua jina lake tu, na wakakubaliana kwamba hata ukionekana kuwa kusini ya mstari, Wajerumani hawatauchukua. Mstari utapinda kuukwepa na kurudi. Baadaye ikafahamika kwamba Mufumbiro si mlima mmoja. Ni safu ya volkeno. Nayo longitudo ya 30, wapimaji walipoitafuta kwenye ardhi yenyewe miaka ya 1907 na 1908, haikuwa mahali ilipochorwa kwenye ramani zao. Ikabidi mataifa matatu, Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji, yakutane Brussels mwaka 1910 kuanza upya, na wapimaji wao wapande milima mwaka uliofuata. Ndipo mpaka ukapitishwa juu ya Muhabura, Mgahinga na Sabinyo, na Kigezi ikabaki Uganda. Juu ya Sabinyo leo mtu anaweza kusimama penye nchi tatu kwa wakati mmoja.

Lakini watu wa milima ile hawakuwa wamekaa kusubiri matokeo. Niliwasimulia habari za Muhumuza, mjane wa Mwami Rwabugiri wa Rwanda, aliyeongoza watu kwa jina la Nyabingi. Wajerumani walimfunga Bukoba. Alipoachiliwa akavuka kuja upande huu, na mwaka 1911 Waingereza wakamkamata. Alizuiliwa hapa Kampala hadi kufa kwake mwaka 1945. Dola mbili zilimwona ni hatari kwa sababu hakutambua mstari waliouchora baina yao, na wafuasi wake walijua kuhamia upande mmoja wanapobanwa upande mwingine. Msichana wa Kisoro alikuwa amelisikia jina hilo kanisani, likitajwa kwa ubaya. Alitaka kujua kaburi liko wapi.

Nimeona kwamba rula ilifanya kazi ambayo keki haikuweza kwa sababu rahisi sana: ilimpa mwanafunzi nafasi ya kuona kosa. Alichora sawasawa, akapata jibu ambalo anajua si kweli, kwa kuwa bibi yake yuko Kisoro na Kisoro iko Uganda. Baina ya mstari ulionyooka na bibi yake kuna historia, na sasa aliitaka mwenyewe.

Habari za West Nile nilizipitia haraka, nami najuta. Eneo lile lilikuwa sehemu ya Lado, aliyokodishwa Leopold mwaka 1894 kwa kipindi cha uhai wake. Alipokufa Desemba 1909, likarudi Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mtoto aliyezaliwa huko mwaka 1908 alitawaliwa na watawala watatu kabla hajang'oka meno ya utoto. Kwa wanafunzi watatu wenye asili ya Arua niliahidi kipindi ambacho ratiba haikunipa.

Kipindi cha kamba ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote, kwa uzuri na kwa ubaya wake. Tulitoka nje, nyuma ya jiko la shule, ambako uwanja ni wa udongo. Tulichora Ziwa Victoria kwa majivu. Kila kikundi kikapewa mji wa kusimamia: Kampala, Jinja, Mbale, Busia, Kisumu, Naivasha, Nairobi, Mombasa. Wanafunzi wenyewe walisokota kamba ndefu ya nyuzi za mgomba, ambayo ilikuwa mpaka. Wengine kumi walishikana mabega wakawa treni, na sijui kwa nini treni yao ilihitaji kupiga kelele kiasi kile.

Nikawaambia wauweke mpaka kama ulivyokuwa mwaka 1901. Wakaenda kuuweka Busia. Hapana, nikasema, upelekeni mashariki. Wakaupeleka Kisumu. Zaidi, nikasema. Walipopita Naivasha wakaanza kunitazama kama mtu anayewatania. Ndivyo ilivyokuwa: Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika Bonde la Ufa, na Naivasha na Kisumu zote zilikuwamo. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa iliitwa Reli ya Uganda, na tarehe 20 Desemba 1901 ilipofika Kisumu, ambayo wakati huo iliitwa Port Florence, ilikuwa kweli imefika Uganda. Treni yetu ikafika, ikashangiliwa.

Kisha nikasoma tarehe nyingine: 1 Aprili 1902. Wizara ya Mambo ya Nje kule London ilitaka reli yote iwe chini ya utawala mmoja, na njia nyepesi ilikuwa kuuhamisha mpaka. Hazikupita siku 105 tangu treni ifike. Wanafunzi wanne wakaiinua kamba, wakaipitisha juu ya vichwa vya kikundi cha Naivasha, wakaipitisha juu ya vichwa vya kikundi cha Kisumu, wakaja kuilaza chini karibu na Busia. Kikundi cha Kisumu hakikusogea hata hatua moja. Nikamuuliza mmoja wao, mvulana mrefu, sasa yuko nchi gani.

"Kenya," akasema. Halafu akatazama miguu yake. "Lakini sijatoka hapa."

Niliwapa dakika mbili za kimya waandike walichokiona, na wengi waliandika vizuri. Tungeishia hapo, ningekuwa na insha fupi na nyepesi. Hatukuishia hapo. Mwanafunzi mmoja wa kikundi cha Kampala, hodari wa kusema, alitoka akaichukua kamba akaanza kuivuta kurudi mashariki. "Ni yetu!" akasema. "Waturudishie!" Wenzake wakamfuata, na ndani ya muda mfupi darasa karibu zima lilikuwa linaivuta kamba kuelekea Naivasha huku likiimba jina la Uganda. Walimu wawili walitoka kuangalia. Nilisimama na chaki yangu nikihisi kwamba nimewasha moto ambao sina maji ya kuuzima.

Kwa maana tendo lile lilishafanywa, na si kwa kamba ya mgomba. Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya na sehemu ya kusini mwa Sudan kihistoria ni za Uganda. Alitumia historia ileile niliyokuwa nimewafundisha dakika kumi zilizopita, na tarehe zake hazikuwa za uongo. Kenya ilikasirika, na ikabidi arudi nyuma. Miaka miwili baadaye akageukia ule mstari wetu wa rula. Latitudo ya digrii 1 hukutana na Mto Kagera kwa namna ambayo kipande cha Tanzania kinabaki kaskazini ya mto. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalikivamia, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda. Watu wa Kagera waliuawa, ng'ombe na mali zikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kila mwanafunzi wa darasa lile ana babu au bibi anayeikumbuka siku hiyo.

Niliyasema hayo yote pale uwanjani, kwa sauti iliyokuwa inatetemeka zaidi ya nilivyotaka. Hayakuwanyamazisha. Aliyewanyamazisha ni yule mvulana mrefu wa Kisumu, ambaye wakati wote wa vurugu alikuwa amesimama palepale, kamba ikimpita kichwani mara ya pili.

"Mbona hamkuniuliza?" akawaambia. "Wazungu hawakuniuliza. Na ninyi je?"

Hapo mwenye kuivuta kamba akaiachia. Tulikaa chini kwenye udongo tukaanza kuzungumza. Niliwaeleza kwamba Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, si kwa kuwa ilikuwa ya haki, bali kwa kuogopa vita ambavyo kila nchi ingeanzisha na jirani yake. Somalia na Morocco hazikukubaliana na azimio hilo. Wanafunzi nao hawakukubaliana. Mmoja akataja Buyaga na Bugangaizi, wilaya za Bunyoro zilizokabidhiwa Buganda na Waingereza, ambako watu walipiga kura Novemba 1964 na kuchagua kurudi Bunyoro. Kwa hiyo, akasema, kuuliza watu kunawezekana. Mwingine akakumbusha kwamba kura hiyo ndiyo iliyozidisha ugomvi wa Kabaka na Obote. Mimi nilinyamaza. Darasa lilikuwa limenizidi, na nilifurahi kuzidiwa.

Kipindi kilichofuata niliwasomea maelezo ya mpaka wa Kenya na Uganda kama yalivyoandikwa katika amri ya Uingereza ya mwaka 1926, kisiwa kwa kisiwa: Pyramid, Ilemba, Kiringiti, Mageta, Sumba, hadi mdomo wa Mto Sio. Kwa kila jina walifunga fundo kwenye uzi juu ya ramani. Ni zoezi la utulivu, na baada ya vurugu za kamba nililihitaji. Waliona wenyewe kwamba kijisiwa cha Migingo, jiwe lisilofika ekari moja lililojaa mabati na wavuvi, kinabaki upande wa Kenya wa uzi. Waliona pia kwa nini Rais Museveni mwaka 2009 aliweza kukubali kwamba jiwe ni la Kenya huku akisisitiza kwamba maji yaliyo jirani ni ya Uganda. Sangara hawaoni mafundo ya uzi.

Amri hiyo ndiyo iliyouhamishia Kenya Mkoa wa Rudolf, nchi ya Waturkana, na tarehe yake ni 1 Februari 1926. Nilipoisoma ubaoni nilidhani nimemaliza mada. Kumbe nilikuwa nimefika mahali pagumu kuliko pote.

Tarehe hiyo imo katika Katiba ya Uganda ya 1995. Ibara ya 10 inasema kwamba raia kwa kuzaliwa ni mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake au babu au bibi yake ni wa mojawapo ya jamii asilia zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa kwenye jedwali la tatu; zilikuwa 56, na marekebisho ya 2005 yakazifikisha 65. Wanyarwanda wamo. Wamaragoli, ambao wanaishi Kiryandongo na kwingineko kwa vizazi kadhaa, hawamo, na wamekuwa wakilalamika kwamba kukosekana kwa jina lao kunawakwamisha katika kupata vitambulisho vya taifa. Kwa hiyo mstari uliochorwa na watu waliokwisha kufa bado unafanya kazi kila asubuhi kwenye dirisha la ofisi. Nilitaka wanafunzi walione hilo. Nikawapa kazi ya nyumbani: muulize mzee wa kwenu, familia ilikuwa wapi mwaka 1926, na mpaka gani ulihama au ni nani aliyeuvuka. Chora ramani.

Niliona ni kazi nzuri. Ingekuwa keki, ningesema ilitoka tanurini ikiwa imeumuka. Ramani 60 na zaidi zililetwa, nyingine za kupendeza mno. Msichana wa Kisoro alichora familia yake ikiwa pande tatu za Sabinyo, na alama nyekundu pale Katuna, ambapo mpaka na Rwanda ulifungwa Februari 2019 hadi Januari 2022, mjomba wake akakosa mazishi ya mama yake mwenyewe. Mvulana mrefu wa Kisumu, ambaye kwao hasa ni Tororo, alichora Wateso wa huku na Wateso wa kule kwa rangi moja.

Msichana mmoja alileta karatasi nyeupe. Hakuwa mvivu, daftari lake lilikuwa nililolitumia kuwasahihishia wengine. Nilimwita baada ya kipindi. Alisema mama yake alilisoma swali, akauliza ni nani anayetaka kujua, na kwa nini, na karatasi hizo zitakwenda wapi. Kisha akamkataza kuandika chochote. Jamii yao haimo kwenye orodha.

Niliomba radhi. Nilimwambia kwamba mama yake ana haki kunishuku, na kwamba swali hilo sikupaswa kulifanya la lazima. Jioni nilizirudisha ramani zote kwa wenyewe badala ya kuzibandika ukutani kama nilivyokuwa nimepanga, na yeyote aliyeuliza sababu nilimwambia kwamba kumbukumbu za familia ni mali ya familia. Mwalimu mwenyeji wangu alisikitika, maana ukuta ungependeza siku ya wazazi. Sijapata jibu kamili la jambo hili, na ndilo lililonifanya niandike. Tunasifu matendo ya darasani kwa kuwa yanamsogeza mwanafunzi karibu na historia. Kwa wengine historia haijawahi kukaa mbali. Iko ndani ya begi la mama, kwenye bahasha ya kaki, pamoja na fomu iliyorudishwa. Nikirudia kipindi hiki nitaacha kila mmoja achague: familia yake, au familia ya kubuni, au mji wowote kwenye ramani. Kamba na rula nitazirudia bila wasiwasi. Keki nitaila nyumbani.

Siku yangu ya mwisho shuleni nilikuwa nikikusanya atlasi. Yule msichana alibaki nyuma kunisaidia kuzihesabu, na tulipofika ya 18 akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, hiyo tarehe moja Februari 1926, ilikuwa siku gani ya wiki?"

Nilitoa simu, tukaitafuta kwenye kalenda, tukirudi nyuma mwaka kwa mwaka.

Ilikuwa Jumatatu. Alichukua kalamu, akaiandika juu ya ile karatasi yake nyeupe, akaikunja na kuitia mfukoni.